Mtoto wa Nyoka: Nadharia ya Mageuzi na Wazazi Wake

Ukifika Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini, utaoneshwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Sehemu ya kwanza ya habari zake kila mtoto wa Kihehe anaijua: Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi kuliko kukamatwa hai, Wajerumani wakamkata kichwa, kikasafirishwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Kisichosimuliwa sana ni namna lilivyotambuliwa. Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen, Ujerumani, alikuta makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalitoka kwenye koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Akachagua kwa vipimo. Upana wa fuvu ukagawanywa kwa urefu wake, kisha jibu likalinganishwa na vichwa vya ndugu wa ukoo waliokuwa hai. Mwaka 1954 likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Rula ile ile iliyowafanya wasomi wa Ulaya wakusanye vichwa vya watu kwa mamia ndiyo iliyolirudisha fuvu nyumbani.

Haishangazi basi kwamba huku kwetu, Iringa mpaka Mbeya, mtu akitaja nadharia ya mageuzi, ile isemayo viumbe hubadilika kizazi kwa kizazi kutoka kwa mababu wa pamoja, hujibiwa kwa hasira kabla hajamaliza sentensi. Elimu hiyo ni ya walewale waliokuwa wakitupima vichwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili wako waliosoma sayansi, ambao kwao Charles Darwin, Mwingereza aliyeiandikia nadharia hiyo kitabu, ni kama nabii: alipanda meli, akaona ndege visiwani, ukweli ukamshukia. Kwa maoni yangu makundi haya mawili yanakosea kosa moja. Yote yanalihukumu wazo kwa kuangalia ukoo wake, la kwanza likiuona ukoo mchafu, la pili likiuona mtukufu. Ukoo wenyewe ni mchanganyiko kuliko wanavyodhani. Baadhi ya wazee wake ni wa kuwaonea aibu kwelikweli, lakini aibu hiyo haituambii kama nadharia ni kweli au si kweli. Hilo huamuliwa kwingine, na sehemu moja wapo iko wilayani Rungwe.

Tuanze na rula. Samuel Morton wa Philadelphia alichapisha kitabu chake kikubwa cha mafuvu ya Wamarekani wa asili mwaka 1839. Kipimo cha kugawa upana kwa urefu kilibuniwa na Msweden Anders Retzius katika miaka ya 1840. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 1859. Upimaji wa mafuvu, kwa hiyo, ulikuwa umeshakomaa yeye akiwa bado hajachapisha neno juu ya mageuzi. Tena Morton na wenzake, akiwamo Louis Agassiz wa Harvard aliyempinga Darwin mpaka kufa, waliamini kwamba mataifa ya watu yaliumbwa mbalimbali, kila moja peke yake. Darwin alisema kinyume: sote ni wa babu mmoja.

Je, ndiyo kusema mikono yake ni safi? Hapana. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, sura ya sita, anasema yaelekea mababu zetu waliishi Afrika kuliko bara lingine lolote. Alikisia hivyo wakati hakuna hata mfupa mmoja wa kale uliokuwa umepatikana huku. Katika sura ile ile anaandika kwamba siku zijazo mataifa yaliyostaarabika yatayafuta yale ya kishenzi duniani kote, naye anaandika kwa utulivu, kama mtu anayetabiri mvua. Ujerumani, Ernst Haeckel aliibeba nadharia hiyo na kuyapanga mataifa ya watu kwa ngazi, Mwafrika akamweka chini karibu na sokwe. Hayo yapo na hayafutiki.

Ila ubaguzi haukukaa upande mmoja wa mjadala. Mwaka 1867 mhandisi wa Uingereza, Fleeming Jenkin, alitoa moja ya pingamizi nzito kuliko zote dhidi ya Darwin: sifa mpya na nzuri ikitokea kwa mmoja, itapotea kwa kuchanganyika na wengi, vizazi vichache tu. Mfano aliouchagua ni Mzungu aliyevunjikiwa na meli kwenye kisiwa cha watu weusi. Anakuwa mfalme wao, anazaa watoto wengi, na bado kisiwa hakiwi cheupe. Hoja ilikuwa ya hesabu, na kwa elimu ya urithi ya wakati ule ilikuwa na nguvu. Mfano wake ulikuwa matusi. Kama ubaguzi unatosha kuangusha wazo, basi wote wawili wameanguka, aliyesema na aliyempinga, na hatuna tena pa kusimama.

Mzazi ninayemhesabu kuwa ndiye nyoka hasa ni mwingine, na wengi wetu tumemsoma kwenye jiografia badala ya baiolojia. Mchungaji wa Kianglikana Thomas Malthus alitoa insha yake mwaka 1798. Watu, alisema, huongezeka kwa kuzidisha: 1, 2, 4, 8, 16. Chakula huongezeka kwa kujumlisha: 1, 2, 3, 4. Pengo linalobaki huzibwa na njaa, maradhi na vita. Kutokana na hesabu hiyo walitokea watu waliosema kumsaidia maskini ni kumzidisha, na mwaka 1834 Uingereza ikapitisha sheria iliyowasukuma maskini kwenye nyumba za kazi ambako mume alitenganishwa na mkewe. Malthus mwenyewe alikuwa akifundisha katika chuo cha maofisa wa Kampuni ya India Mashariki. Huyu hakuwa rafiki wa mnyonge.

Septemba 1838 Darwin, kijana wa miaka 29 aliyekuwa amerudi safarini miaka miwili kabla, aliichukua insha hiyo akaisoma, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kujiburudisha tu. (Kila mtu na burudani yake.) Miaka ishirini baadaye Alfred Wallace, mkusanyaji wa wadudu na ndege aliyeacha shule akiwa na miaka 14, alikuwa kwenye visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia, homa imemlaza. Akaikumbuka insha ile ile aliyoisoma zamani, na wazo lile lile alilolipata Darwin likamjia: katika kugombea uhai, wanaobaki na kuzaa ni wale wenye tofauti zinazowafaa. Akamwandikia Darwin, na maandishi yao wote wawili yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Watu wawili hawakuwa wamekaa chini kushauriana, wakafikia jibu moja kwa kupitia kwa mchumi mmoja. Karl Marx aliliona hilo upesi. Mwaka 1862 alimwandikia Engels akishangaa jinsi Darwin alivyoikuta kwa wanyama na mimea jamii ile ile ya Kiingereza, pamoja na mgawanyo wake wa kazi, ushindani wake na masoko yake mapya.

Hapo ndipo mtu husema: umeona? Ubepari umevalishwa ngozi ya mnyama. Ningekubali, kama Darwin angekopa na kuacha vilevile alivyokopa.

Malthus alikosea kuhusu Uingereza, na kosa lake tunaliona vizuri kutoka hapa. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimekuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi kwa sababu mkulima si kiumbe anayengoja chakula kiongezeke chenyewe. Anabadili mbegu, anaweka mbolea, anafungua shamba jipya. Tembo wa Ruaha hana mbolea ya ruzuku. Darwin alimchagua tembo makusudi, mnyama anayezaa polepole kuliko wote, akakadiria kwamba jozi moja ingeweza kuacha tembo milioni 15 baada ya miaka 500. Hesabu hiyo ilikuja kusahihishwa, ikawa milioni 19 kwa miaka 740 hivi, lakini hoja haikuguswa. Tembo hao hawapo. Wengi walikufa wadogo, au hawakuzaliwa kabisa. Malthus alihesabu maiti akaishia hapo. Darwin aliuliza waliobaki ni akina nani, na kama wanatofautiana kwa chochote na waliokufa. Swali hilo halimo katika Malthus. Likiulizwa, kanuni ya kikatili ya uchumi inageuka kuwa kitu kinachoweza kuchunguzwa kwa macho, mnyama kwa mnyama.

Na lile la "mwenye nguvu mpishe", ambalo wapinzani na mashabiki wote hulitaja kana kwamba ndilo amri ya kwanza ya dini ya Darwin? Kauli ya kubaki kwa aliye bora ilitoka kwa mwanafalsafa Herbert Spencer mwaka 1864. Darwin, kwa kushawishiwa na Wallace, aliiingiza kwenye toleo la tano la kitabu chake, 1869. Nadhani alifanya vibaya.

Kuhusu wakati, nitasema kwa ufupi. Wanajiolojia James Hutton mwaka 1788, na Charles Lyell ambaye buku lake la kwanza la 1830 Darwin alisafiri nalo melini, walifundisha kwamba mvua na mito ya kila siku vikipewa muda wa kutosha vinakata milima. Asiyeamini aende Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, njia ya Mbeya. Nguzo za udongo zimesimama kwenye korongo lililochimbwa na maji, na chini yake, kati ya mwaka 1957 na 1958, watafiti wa Chicago walifukua mashoka ya mawe ambayo baadaye yalikadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Bila muda wa aina hiyo hakuna nadharia.

Mzazi ninayempenda ni mfugaji. Darwin hakuanza kitabu chake na visiwa. Sura ya kwanza ni ya mifugo na mimea ya shambani, na kurasa nyingi ni za njiwa. Kuanzia 1855 alifuga njiwa mwenyewe na kujiunga na vilabu vya wafuga njiwa wa London, akakaa na watu ambao mabwana wa chuo kikuu wasingekaa nao meza moja. Kwao alijifunza kwamba mtu mwenye jicho anaweza, kwa kuchagua tu nani azae na nani asizae, kutoa ndege wanaotofautiana mpaka mgeni akadhani ni spishi mbalimbali.

Mama wa Makete anayechambua magunzi wakati wa mavuno, akatenga yale yenye mistari iliyonyooka na punje nene, akayatundika juu ya moto moshi uyalinde na wadudu, anafanya kazi hiyo hiyo. Na Njombe, kwenye viazi, mambo ni makali zaidi. Bakajani, ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe, ikiingia shamba la viazi mviringo, siku chache tu shamba linanuka. Ugonjwa huo ndio ulioiletea Ireland njaa kuanzia mwaka 1845. Mfanyabiashara wa Belfast, James Torbitt, alijaribu katika miaka ya 1870 kupanda viazi kutokana na mbegu za matunda yake badala ya vipande, kisha kila msimu kubakisha mimea michache iliyostahimili ugonjwa na kuiacha mingine ife. Darwin alimchangia kutoka mfukoni mwake na kumtafutia wafadhili. Kwa hiyo bwana huyu tunayemdhania alijali nyani tu alitumia fedha zake kwenye tatizo ambalo mkulima wa Njombe analipulizia dawa mpaka leo. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, wanapolinganisha aina za viazi na maharage kuona ipi inavumilia nini, wako kwenye njia hiyo hiyo, na sijasikia mtu akiwaita wakoloni.

Niseme na neno kuhusu Al-Jahiz, kwa sababu atatajwa tu. Msomi huyo wa Basra, karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na humo anaeleza wanavyowindana na mazingira yanavyowagusa viumbe. Wapo wanaosema nadharia yote ilikuwa yake, Darwin akaiba. Naheshimu fahari hiyo, ila naona ni ugonjwa ule ule: tunatafuta baba anayetupendeza ili tumkubali mtoto. Kuona simba anamla swala ni jambo moja. Kueleza jinsi mlo huo unavyobadili swala wa kesho ni jambo lingine.

Na wapo wazazi wasioandikwa kabisa. Aliyemfundisha Darwin kukausha ndege kule Edinburgh alikuwa John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekombolewa utumwani. Sehemu kubwa ya ndege wa Wallace waliletwa na kijana wa Sarawak aitwaye Ali. Hatuna haja ya kwenda mbali kuona mtindo huu ukiendelea. Mwaka 2003 wawindaji wa kandokando ya Mlima Rungwe walikuwa wakisimulia habari za mnyama mwenye haya aitwaye kipunji. Watafiti walisikiliza kwanza, kisha wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, kwa kuangalia umbo, kuwa ndugu wa wale kima wa msituni waitwao mangabey. Baadaye mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima, vinasaba vyake vikapimwa, vikasema vingine: ndugu zake wa karibu ni nyani wa kawaida, hawa wanaoiba mahindi. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na ikawa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika baada ya miaka 83. Umbo lilidanganya, ukoo ukasema. Kwa anayeamini kwamba kila mnyama aliumbwa peke yake, hakuna sababu ya umbo na ukoo kutofautiana, kwa kuwa ukoo wenyewe haupo. (Kwale wa Udzungwa naye, ambaye jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia, aligunduliwa na sayansi mwaka 1991 pale watafiti waliposhangaa miguu iliyokuwa kwenye sufuria ya mboga kambini. Wapishi hawakushangaa.)

Sasa Kisiba. Ziwa hilo liko Masoko, wilayani Rungwe, duara lililojaza kreta ya volkano, kipenyo chake mita 700 hivi. Wageni wengi huja kwa ajili ya simulizi za hazina ya Wajerumani inayosemekana kuzamishwa humo. Hazina niijuayo mimi ni samaki wadogo, ukoo mmoja na sato na perege, jamaa wa wale waishio mitoni na pembezoni mwa Ziwa Nyasa. Ndani ya Kisiba wamegawanyika. Wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, madume yao ni ya njano. Wanaokaa chini, kwenye mwanga hafifu, madume yao ni ya bluu iliyokoza. Chakula chao ni tofauti, na miili na taya vimeanza kuachana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulisoma vinasaba vyote vya samaki 146, ukakuta maeneo 98 ambako makundi haya yanatengana waziwazi. Katika maeneo hayo kuna jeni za jicho, zikiwamo za kuona kwenye mwanga wa jioni, na jike hupendelea dume kwa namna inayofuatana na tofauti hizo hizo.

"Lakini wamebaki samaki," mtu atasema. Wamebaki. Nadharia haikuahidi kwamba samaki wa Kisiba atapanda ngazi akanunue ndizi Tukuyu. Inasema kundi moja likiishi kwenye mazingira mawili, na kila upande ukawapa nafasi ya kuzaa walio tofauti, kundi litaelekea kuwa mawili. Mgawanyiko wa Kisiba uko hatua za mwanzo. Teremka sasa Ziwa Nyasa, ambako samaki wa ukoo huo wana spishi zaidi ya 500 ndani ya ziwa moja, uone hatua zilizorudiwa mara nyingi. Na katika maelezo yote hayo hakuna mahali ambapo unahitaji nyumba za maskini za London, wala rula ya Retzius, wala kiwanda cha Manchester. Malthus alisaidia swali lizaliwe. Jibu linatoka kwenye jicho la samaki, na angelitoa vilevile kama Malthus angekuwa mvuvi wa Matema.

Kinachoniudhi ni shuleni. Mwanafunzi wa Tukuyu anakariri ndege wa Galápagos, na kwa kawaida haambiwi kwamba Darwin alipowakusanya hakuandika vizuri nani katoka kisiwa gani, mpaka mtaalamu wa ndege John Gould alipomwonesha mwaka 1837 kwamba walikuwa spishi mbalimbali. Kisiba, iliyo kwenye wilaya yake, haisikii darasani. Kisha linakuja swali la mtihani tunalolijua sote, la kutofautisha Lamarck na Darwin. Twiga wa Lamarck ananyoosha shingo na kuwarithisha wanawe shingo ndefu. Twiga wa Darwin ama kazaliwa na shingo ndefu au anakufa. Mmoja kakosea, mwingine kapatia, alama nne. Lakini Darwin hakujua urithi unafanyaje kazi. Mendel alikuwa amechapisha majibu yake mwaka 1866 na karibu hakuna aliyemsoma. Kwa hiyo mwaka 1868 Darwin alitoa dhana yake mwenyewe ya urithi, yenye chembe ndogo zinazokusanyika kutoka kila kiungo cha mwili kwenda kwenye mbegu za uzazi, ambayo iliruhusu mazoea ya mzazi yapite kwa mtoto. Yaani alikubaliana na Lamarck kwa kiasi kikubwa, na akakosea naye. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye karatasi yake atakatwa alama zote nne.